Kichwa cha Nyati ni Mali ya Serikali

Katika kikundi chetu cha ngoma na maigizo, pale Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, mimi nilikuwa makalio ya nyati. Si cheo cha kujivunia, lakini nilikishika miaka sita. Siku za kazi nilifundisha darasa la nne. Jumamosi niliinama ndani ya gunia lililopakwa masizi, nikashika kiuno cha rafiki yangu, fundi mitambo wa mgodini. Yeye alikuwa kichwa na miguu ya mbele. Akipiga mluzi mmoja tunageuka kulia, miwili kushoto.

Kisha mgodi ukaporomoka, na wanasiasa wakaanza kutangaza kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Rafiki yangu alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni ya mgodi. Kasai hakuwahi kuiona. Walimfukuza hata hivyo. Yeye na mke wake wakaenda kungoja treni stesheni, wakilala chini ya turubai siku baada ya siku. Nikawapelekea bukari, yaani ugali wetu, na samaki. Kichwa cha nyati, alichokitengeneza mwenyewe kwa ndoo na sponji ya godoro, kilikuwa pale kimejaa sahani zao.

"Nyumba balikamata," akaniambia, akihesabu vitu alivyonyang'anywa. "Kitanda balikamata. Kichwa, hapana."

Nilikuwa nimekwenda kukiomba. Sikukiomba.

Wiki chache baadaye, treni ikiwa imeshawachukua, Meri, yaani ofisi ya mji, ikatangaza kwamba itasaidia vikundi vya utamaduni, kwa sababu kuna mtalii anakuja. Tulishangaa. Siku zile kila mtu alikuwa anaondoka. Tukaenda kwa karani wa utamaduni na utalii, mtu asiyevua tai hata jua likiwaka, tukamweleza kwamba nyati wetu hana kichwa. Akafungua kabati, akatoa kichwa cha chui cha karatasi na gundi, kilichobaki kutoka kwenye magwaride ya zamani.

"Tata, hii ni chui," akasema mama aliyeongoza kikundi, akimwita baba kwa heshima.

"Mama, hii ni musaada."

Tukasema tutakifunga pembe. Karani akakubali, kisha akakivuta kifuani. "Lakini ni mali ya serikali. Ni mi njo nilisaini. Haiwezi kutoka mu mikono yangu."

"Sasa nani ataivaa?" akauliza mama.

Karani akanyoosha tai yake.

Siku ya onyesho, mbele ya Meri, mtalii alikalishwa kando ya meya. Alikuwa padri mzee, Mzungu aliyekaa Kapanga miaka mingi hata Kiswahili chake kikakipita cha karani. Alikuja mjini kutafuta mkanda wa feni ya gari lake. Hakuna aliyemuuliza kama ni mtalii.

Tukaingia. Karani alipomwona meya alisimama ghafla, akapitisha mkono katika mdomo wa chui, akamsalimia. Mimi nikamgonga mgongoni. Ndani ya lile giza nilikuwa bado nasubiri mluzi wa rafiki yangu, na kwa kitambo nilitaka kutokwa na machozi. Karani akaenda kulia, mimi kushoto, gunia likapasuka katikati.

Wenzetu walioigiza wawindaji wakatupa mishale. Nyati alipaswa kufa.

"Kufa, tata!" nikamnong'oneza.

"Mbele ya meya? Hapana! Mi ni mutumishi wa serikali!"

Wawindaji wakaimba wimbo wa kifo mara tatu. Mwishowe nikafa peke yangu. Makalio yakalala chini, kichwa kikabaki wima, kikipungia watu mkono. Padri alicheka hata akaanguka na kiti, na wawindaji wakaacha mishale wakaenda kumwinua. Meya alipiga makofi kwa uzito wote, akidhani ndivyo hadithi ilivyo.

Tulipojificha nyuma ya ukuta, karani akavua kichwa. Jasho lilimtiririka, tai imefika sikioni. Nilingoja anilaumu kwa mali ya serikali, maana pembe moja haikuwepo tena.

"Mwalimu," akasema, "Jumamosi munaanzaka saa ngapi?"

Alikuja kila Jumamosi, hata baada ya Meri kufunga ofisi yake. Alikuwa mwigizaji mbaya kupindukia. Mwaka mzima ulipita kabla hajakubali kufa, na siku alipokubali alijilaza polepole, akipangusa kwanza vumbi mahali pa kuangukia.