Jani la Kwanza la Kijitoni

Enzi zetu, sisi watoto wa milima ya Uluguru, siku ya soko ilianzia kijitoni. Mama alishuka na tenga la saladi na figiri kichwani, sisi nyuma yake tukiteleza kwenye tope, na kabla ya kuingia Morogoro mjini alilitua kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba za watu. "Mboga yenye udongo ni ya mvivu," alisema. Basi tulizamisha mafungu, tukarushiana maji, tukashindana fungu la nani litang'aa zaidi. Mdogo kuliko wote alipewa jani la kwanza, alitafune hapohapo likiwa bichi, ili soko liwe na baraka. Miaka mingi mdogo huyo nilikuwa mimi. Nyie mliokulia chipsi na sosi hamtauelewa utamu ule wa baridi.

Chuoni nilihoji kila kitu: dini, siasa, hata wali wa kantini. Kijito sikuwahi kukihoji. Mwezi uliopita tuliambiwa tulete mboga maabara. Nikachukua jani moja bustanini kwetu, tunakomwagilia kwa maji ya chemchemi, na jingine lililotoka kuoshwa kijitoni, kwenye tenga la mama. Nilitaka kuwatambia wenzangu usafi wa milimani. La bustanini lilikuwa na udongo tu. Kwenye lile lililooshwa, hadubini ilinionyesha mayai ya minyoo. Nikafuta kioo, nikarudia. Yapo! Vyoo vya zile nyumba vinatiririkia wapi? Utoto wangu wote nilipita hapo, sikuuliza.

Jumamosi nikawahi kijitoni. Neema, mtoto wa dada yangu, alikuwa ameshapewa jani. Nikampokonya mdomoni. Akaangua kilio.

"We! Umerogwa?" mama akafoka.

"Mama, maji haya yana kinyesi. Mboga inatoka nyumbani safi, sisi ndio tunaichafulia hapa."

"Mbona wewe ulilila, ukakua mpaka ukasoma?"

"Nilikua, mama. Na dawa ya minyoo mlininywesha kila mara. Mlidhani minyoo hiyo ilitoka wapi?"

Mama alimtazama Neema, tumbo limetuna chini ya gauni. Kisha akalimwaga fungu lililoloa, akajitwika tenga na udongo wake.

Sokoni, mteja wake wa siku zote alicheka. "Mama Rehema, leo umevuna au umechimba?" Akahamia kwa jirani, ambaye saladi yake ilimeta, ikidondosha maji. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mteja huyo akanyoosha mkono, akachuma jani, akalitia mdomoni.

Mama akanishika mkono. "Soko lijalo tubebe dumu la maji ya chemchemi," akanong'ona. "Lakini yule mtoto je?"

Zamani, mboga iliyong'aa ilinifurahisha kuliko peremende. Siku hizi nikiona inameta, macho yangu hukimbilia tumbo la mtoto aliye karibu.