Bibi Aliyenishikia Tepu

Miaka ya tisini nilikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu majengo London. Nikatumwa mtaa wa Woolwich kupima nyumba ya kale, chumba kwa chumba, niichore ilivyo. Ghorofa za juu zilikuwa tupu. Chini alibaki mpangaji mmoja, bibi wa Kizanzibari. Nikafurahi, nilijua leo nitakunywa chai ya iliki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Ofisi. Mwenye nyumba ndiye anayetaka ichorwe."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Basi nipe ncha ya tepu nikushikie, mwanangu. Peke yako utataabika."

Chai sikupewa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana Mzanzibari hamnyimi mgeni chai ila ana lake jambo.

Ofisini, nilipoanza kuchora, kuta za chini hazikukutana. Nilifuta, nikachora upya, nikailaani tepu, nikawalaani na mafundi waliokwisha kuoza makaburini. Ajabu, ghorofa za juu, nilizozipima peke yangu, zilikaa sawasawa. Nikaanza kumshuku bibi.

Nikarudi. Nikampa ncha, nikajifanya naandika, kisha nikageuka ghafla. Ncha ilikuwa hewani, shibiri nzima kutoka ukutani.

"Bibi, unanichezea!" Nilikasirika kwelikweli. Kazi yangu ilikuwa shakani kwa ajili yake.

Hakutahayari hata kidogo. "Kwetu pia alikuja mtu kupima nyumba yetu. Mpole, mwenzetu, na shikamoo yake mdomoni kama wewe. Haukupita muda, tukatolewa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikatulia, nikamweleza kwamba hapa mambo ni mengine: michoro ikikamilika, nyumba italindwa kisheria kwa ukale wake. Hakuna atakayeruhusiwa kung'oa dirisha wala ngazi.

"Nyumba haitaguswa?"

"Wallahi haitaguswa."

"Na mimi?"

Sikuwahi kumuuliza mtu ofisini swali hilo, na sasa nikaanza kujiuliza kwa nini ghorofa za juu zilikuwa tupu. Nikatazama kitanda chake, jiko lake dogo, msala uliokunjwa juu ya kiti. Kwa kanuni ya kazi yetu vitu vya mpangaji havichorwi. Katika mchoro wangu, chumba kile kilikuwa kimeshahamwa.