Shimo Lisiloingiwa na Wanaume

Udongo wa kufinyangia una harufu ya mvua iliyooza. Hata leo nikipita nyumba inayokandikwa, harufu ile ikinifikia, hugeuza njia. Mwaka ule wa ukame, nikiwa na miaka tisa, akina mama wa kwetu karibu na Kanyangi walichimba udongo wa vyungu kando ya mto mkavu, wakaingia chini kwa chini mpaka shimo likawa pango. Mwanamume hakuruhusiwa kulisogelea. Akikanyaga pale, tuliambiwa, vyungu vyote vitapasuka motoni. Asubuhi moja Mwende, mdogo wake mama yangu, alikuwa ndani akichimba na kuimba wimbo wa kanisani. Ukingo ukaporomoka. Wimbo ukakatika. Mama Kalondu, mfinyanzi mkuu wao, akaanza kufukua kwa mikono huku akinifokea: "Kimbia sokoni ukaite akina mama! Wanaume usiwaambie, umesikia?"

Njiani palikuwa na wanaume wanne wakichimba choo cha kanisa, kila mmoja na sepetu yake. Mmoja akanitania, "We kasichana, umefukuzwa na nyuki?" Nikajibu, "Hapana, baba," nikapita. Soko lilikuwa mbali. Tuliporudi na akina mama, Mwende alikuwa ametolewa akiwa maiti, mdomo umejaa udongo. Vyungu vilichomwa wiki iliyofuata na hakikupasuka hata kimoja. Watu wakavisifu. Mama yangu akapikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa, katika kimoja, akisema ni mpango wa Mungu, nami nikala.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza alituandikia ubaoni maneno ya Waingereza wa kale: dauber, mkandikaji wa kuta kwa matope, pargeter, mpiga lipu. Alisema kazi hizo zilikuwa za wanaume. Darasa zima likacheka: mwanaume ashike udongo! Mimi sikucheka. Kumbe kuna mahali mwanamume akishika udongo anapewa jina, na hakuna kinachopasuka.

Siku hizi watu wananunua sufuria na shimo lile limeota miiba. Adabu yake ndiyo haijafa. Juzi nilimkuta jirani akimsifu binti yangu wa miaka saba: mtoto mzuri hufanya alichoambiwa, basi. Nilimvuta mwanangu mkono tukaondoka. Nikamwambia, ukiona mtu anakufa piga mayowe, mwite yeyote, hata yule uliyekatazwa.

"Na wakinichapa, mama?"

"Wacha wakuchape."