Kikapu cha Feri ya Jioni

Nyanya tulizokula Likoni nilipokuwa kijana zilikuwa zimesafiri kunishinda mimi. Zililimwa nyuma yetu, upande wa Waa na Ng'ombeni. Alfajiri lori la dalali lilizikusanya, likapita nazo mbele ya mlango wetu, likashuka mteremko wa kivuko na kuvuka hadi mjini, ambako zilipigwa bei marikiti. Jioni babangu alizinunua, akazitia kikapuni, akavuka nazo kurudi Likoni. Zilipofika jikoni zilikuwa zimechoka, na baba naye amechoka, na wote walitaka kupokewa kwa adabu.

Hakuna aliyeona ajabu. Baadaye nilikwenda Makerere nikafundishwa kwamba jambo la namna hii lina jina lake katika elimu ya uchumi, na mchoro wenye mishale. Jina nimelisahau. Mishale ningali naikumbuka, kwa kuwa niliwahi kuwachorea akina mama wa mtaa wetu mchangani, na kuku akapita juu yake kabla sijamaliza kueleza.

Lakini nianze na kikapu. Katika nyumba kama yetu, nyumba ya watu wa mji waliohamia ng'ambo kutafuta nafasi huku wakiendelea kujiona wako mjini, mwanamume ndiye aliyekwenda sokoni. Mke kuonekana akichagua samaki mbele za watu ilikuwa ni kutangaza kwamba mumewe hajiwezi. Babangu alikuwa karani katika ofisi moja ya bandarini. Mchana kutwa kila mtu alimwamrisha. Saa kumi alivaa koti juu ya kanzu, akachukua kikapu chake cha ukili kilichokuwa nyuma ya mlango wa ofisi, na kutoka hapo hadi marikiti alikuwa mtu mwingine. Alibonyeza bilingani. Alifunua mashavu ya samaki akatazama ndani kama daktari. Muuzaji alimwita shehe, naye hakumkosoa.

Baada ya hapo, feri. Wanaume wa Likoni walisimama na vikapu vyao miguuni, na kikapu hakina kifuniko. Mchana walikuwa wamebishana juu ya uhuru na hatima ya mwambao, nani atashika nini Mzungu akiondoka. Jioni walitazamana vikapu.

"Yakhe, leo waingia na changu mzima! Umeongeza mke?"

"Changu gani, samaki huyo wa jana. Mtazame jicho, alivyolia usiku."

"Wewe sema tu. Mimi nakuona na vitunguu na subira."

Kila mtu alijua kila nyumba italala na nini. Ndiyo maana mtu alikuwa radhi kukopa kuliko kuvuka na kikapu kilicholegea.

Mamangu alikipokea kikapu mlangoni. "Ahsante, Bwana. Mola akuzidishie." Kisha alikipeleka jikoni, na huko maneno yalibadilika. "Mabamia haya yamekomaa, mtu aweza kuezekea nyumba." Alipika kilicholetwa. Alizaliwa Mtongwe, katika nyumba ambayo bibi yangu alikuwa akichuma mchunga, mboga ya majani, nyuma ya ua wake, akauchemsha, akayamwaga maji yake machungu, akautia tui zito. Tangu aolewe, mama alikuwa hajachagua hata nyanya moja, na mchunga alikuwa hajaupika. Baba aliuita majani ya mbuzi, na marikiti, kama alivyosema, haikuwa zizi. Mama hakubishana. Aliutaja tu mara kwa mara, kama watu wanavyomtaja jamaa aliye safarini.

Mambo yalibadilika kwa mgomo. Miaka ile watu waligoma kwa zamu, na zamu ikawafikia wa kivukoni. Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Feri zilikaa kimya, na lori la dalali likasimama juu ya mteremko na shehena yake hadi jua likaanza kuipika. Dalali aliwaambia wakulima, ambao karibu wote walikuwa wanawake wa Kidigo, kwamba mzigo ambao hauvuki yeye haujui. Wakaushusha. Hawakuwa na mahali pa kuupeleka, wakatandika magunia kando ya barabara, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, wakaketi.

Wanaume nao waliketi, barazani, kwa sababu kazi zao zilikuwa ng'ambo ya pili. Walikuwa na njaa. Vikapu vilining'inia misumarini, na chakula kilikuwa pale, kinaonekana.

"Bwana," mama alisema kutoka nyuma ya pazia, "muhogo huo pale njiani."

"Mimi ninunue chakula kilichowekwa chini? Kama msafiri aliyeachwa na gari?"

"Basi n'takwenda mimi."

Njaa ndiyo iliyotoa ruhusa. Mama akavaa buibui, na kwa kuwa kikapu kilikuwa cha baba, akachukua ungo.

Nilimfuata, nikidai kwamba namlinda. Mwanamke mkubwa wao, ambaye tulimwita Mama wa Waa kwa sababu alitoka huko, alitaja bei ya fungu la nyanya. Mama akaanza kufungua pindo la leso yake atoe pesa. Mama wa Waa akamshika mkono.

"Sivyo, bibi. Mimi nikitaja, wewe wakataa."

"Mbona nikatae, na nazitaka?"

"Wazitaka, lakini wakataa. Mimi nalalamika. Wewe wafanya kama waenda zako. Ndipo twauziana. Hebu jaribu."

Mama akajaribu. Alifanya kama anakwenda zake, akaenda kweli, ikabidi aitwe. Wanawake walicheka mpaka mmoja akalala juu ya magunia. Mama alirudi nyumbani na nyanya, muhogo, boga ambalo halikuingia katika sufuria yoyote tuliyokuwa nayo, na juu ya vyote, rundo la mchunga.

Usiku ule alikula polepole sana. Baba alikula muhogo.

Mgomo ulipokwisha, dalali alirudi na lori lake na sharti: atakayeuza njiani hata siku moja, asimngojee tena asubuhi. Jambo lile lilikuwa zito, kwa kuwa lori ndilo lililobeba mavuno yote hata siku ambazo Likoni haikuhitaji nyanya. Mama wa Waa alikuja uani kwetu, na majirani wakajikusanya.

"Sisi twapenda kukaa hapa," alisema. "Dalali atulipa anachotaka, na twakubali kwa kuwa hatumjui anayekula. Sasa twawajua. Lakini mkituacha turudi na mizigo vichwani, kesho tutampigia magoti, na hamtatuona tena."

Wanawake wa mtaa walitazamana. Wote walitaka. Wote pia walikuwa na kikapu kinachokuja jioni, na chakula kinachoingia kikapuni lazima kipikwe.

Hapo ndipo nilipoona elimu yangu inahitajika. Nilisimama nikaeleza juu ya ushirika, mzalishaji na mlaji, na mtu wa kati anayefyonza. Nikachora mishale. Kuku akapita. Mama wa Waa alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, wapenda kula nini?"

Nilifikiri. Nilikuwa na umri wa kupiga kura, kama kura ingekuwapo, na sikujua ninachopenda kula.

"Huyu hula tu," mama alisema. Kisha akawageukia wenziwe. "Mimi n'tanunua hapa kila siku. Bwana wangu akileta, ataleta."

Jirani wa nyumba ya pili akacheka. "Shoga, utapika vyungu viwili?"

"Vyungu ninavyo."

Akapika viwili. Baba aliendelea kuleta kikapu, naye aliendelea kukipokea kwa ahsante ile ile. Alichokileta baba alikipika vizuri, kwa bizari na ndimu, akamwandalia yeye peke yake katika bakuli lenye maua ya buluu. Kile cha barabarani alikipakua kwenye sinia yetu sisi wengine. Kusema kweli hapakuwa na dharau yoyote ndani yake. Baba alikaa na bilingani lake kama mgeni wa heshima, na harufu ya tui ikampita usoni ikija kwetu.

"Hili ni jambo la aibu," alisema jioni moja.

"Chumvi imepungua?" mama aliuliza.

"Sisemi chumvi. Mke wangu aonekana njiani akinunua vitu chini. Watu wasemaje?"

"Watu gani, Bwana? Wake zao ninao pale pale."

Ilikuwa kweli. Mmoja baada ya mwingine walianza kutoka, wamejifunika, na ungo mkononi, wakidai kwamba wanapita tu. Lakini wengi walinunua kidogo, kwa woga wa kikapu cha jioni, na mara mbili tatu Mama wa Waa alirudi kwao na nusu ya mzigo. Mama alimtazama akiondoka, akahesabu kichwani, na siku ya pili akatoa akiba yake, akanunua zaidi ya tulivyoweza kula. Chakula cha ziada alikigawa kwa wapangaji wa nyumba ya nyuma, vijana wa bara waliofanya kazi bandarini, ambao walimshukuru kwa Kiswahili cha kupinda na kurudisha sahani zimeng'aa. Aliniambia mara moja tu, akichambua majani, bila kunitazama: "Wakirudi kwa dalali, mimi narudi kungoja mlangoni." Sikuwa na mchoro wa jambo hilo.

Nilijaribu kumweleza baba kwa njia ya uchumi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Umesomea hayo?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyelipa ada.

Karibu na mwisho wa likizo nilikwenda mjini kutafuta tiketi ya gari moshi, na jioni nikakutana na baba penye feri. Kikapu chake kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Juu palikuwa na majani ya dania, kishada kikubwa kimetandazwa, na vitunguu vichache vikichungulia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikainama nikichukue kikapu kama mwana anavyopaswa kufanya.

"Kiache," alisema.

Nilikuwa nimekwisha kukinyanyua. Kilipanda kwa urahisi, nusura nijipige nacho kidevuni. Chini ya dania kidole changu kiligusa kitu laini, chenye kifungo. Ndipo nikatambua kwamba baba amevaa kanzu tupu, bila koti.

Nikakiweka chini polepole, kama kizito. Baba alitazama maji.

"Yakhe," mmoja alimwambia, akiinamisha shingo, "leo dania tele. Pilau?"

"Inshallah," baba alisema.

"Mashallah." Yule bwana akasogeza kikapu chake nyuma ya miguu yake. Nacho kilikuwa kimejaa vizuri sana, kimefunikwa na majani ya mchicha, na kona ya gazeti ikitokeza chini. Niliangaza macho. Sitasema kila kikapu kwenye feri ile kilikuwa vile. Sikuvipekua. Ila sikuwahi kuona dania nyingi namna ile zikivuka kwenda Likoni kwa siku moja, na sikuwahi kusikia mazungumzo marefu namna ile juu ya uhuru.

Tulipanda mteremko. Juu, magunia yalikuwa yametandikwa, safu yake ndefu kuliko nilivyoiacha asubuhi, na mengi yalibaki matupu, kwa kuwa vitu vilikuwa vimeuzwa. Wanawake walikuwa wanafunga mizigo ya kurudi, nayo ilikuwa midogo. Lori la dalali lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara. Dereva wake alikuwa anamenya chungwa alilolinunua pale.

Baba alipita akitazama mbele, kikapu amekiinamishia bega ili kionekane kizito. Mama wa Waa alimwacha apite hatua mbili.

"Bwana mkubwa, habari za mjini?"

"Njema."

"Dania yako imenyauka, baba. Ya juzi hiyo." Akainuka, akachagua kishada kibichi, akatikisa maji. "Chukua hii. Kesho watu watajua."

Wanawake wengine walikuwa na kazi nyingi ghafla, wakifunga vitu vilivyokwisha kufungwa. Baba alisimama. Nilidhani atakasirika. Akakitazama kile kishada, akakinusa, akakigeuza mizizi juu, kama alivyokuwa akifanya marikiti.

"Bei gani?"

Mama wa Waa akataja.

"Ghali," baba alisema.

"Ghali? Kitu cha leo hiki!"

"Ghali." Akafanya kama anakwenda zake. Akaitwa. Akarudi.

Mama alikuwa mlangoni. Alikipokea kikapu kwa mikono miwili. "Ahsante, Bwana. Mola akuzidishie." Akakipeleka ndani, akatoa dania ya juzi akaitupia kuku, akatoa vitunguu, akatoa koti akalikung'uta na kulitundika msumarini, mahali pa kikapu. Dania mpya aliigawa mara mbili. Nusu ilikwenda chunguni, na nusu aliitia katika gilasi ya maji, ibaki mbichi hadi feri ya kesho.