Mkono wa Mjukuu Wangu na Ugali wa Msiba

Nyie vijana mnaoshinda kwenye simu, mjukuu wangu mmemwona humo. Mmemwona na sketi yake fupi nyeupe, raketi mkononi, jasho linamtiririka, na chini ya picha mmeandika maneno. Wengine mmemsifu. Wengine mmeandika kwamba angekuwa ameshazaa badala ya kukimbiza mpira. Nimesomewa yote. Sasa someni na haya ya kwangu, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ule mkono wake wa raketi uliumizwaje.

Nilimlea mimi, hapa hapa Igogo, kando ya ziwa. Mama yake alifariki mtoto bado ananyonya, na baba yake, mwanangu, alikuwa mtu wa makambi ya uvuvi, leo kisiwa hiki kesho kile. Nyumba yangu imekaa juu ya mawe kama nyumba zote za huku, na nyuma yake kuna jiwe moja kubwa kama ghala. Mtoto alikuwa anapiga mpira kwenye jiwe hilo kwa kipande cha ubao. Jiwe lenyewe si la kunyooka, lina matumbo na makovu, mpira ukiligonga unarudi unakotaka wenyewe. Na mbele yake mimi nilikuwa naanika dagaa. Mpira ukitua kwenye dagaa wangu, nilimchapa. Akajifunza kuuwahi. Miaka baadaye mwalimu wake wa kwanza wa tenisi aliniuliza nani alimfundisha kuuwahi mpira namna ile. Nikamwambia, fimbo.

Mwalimu huyo alimkuta kwenye uwanja wa mjini, anawaokotea mipira wakubwa wanaokuja kupunguza vitambi jioni. Akampa raketi, akaona alichoona, akaja kwangu kumwomba. Nikamruhusu. Watu walinisema sana, kwamba namtoa mtoto wa kike akatembee uchi mbele ya wanaume. Niliwajibu kwamba mapaja yake nimeyaosha mimi, nayajua, hayana ajabu yoyote.

Leo hiyo ndiyo kazi yake. Wanasema anacheza tu. Mvuvi akiingia ziwani mbona hawasemi anaogelea? Nimemwuliza hiyo kazi ikoje mpaka nikaielewa. Wanawake wanakusanyika katika mji fulani, kila siku wengine wanafungwa na kuondoka, mwisho anabaki mmoja. Kisha wote wanakwenda mji mwingine kuanza upya. Ukishinda, jina lako linapanda kati ya majina ya wachezaji wa dunia. Ukikaa nyumbani linashuka, hata kama umekaa kwa sababu unaumwa. Anafua nguo zake kwenye sinki la kunawia. Anafungwa asubuhi, mchana yuko stendi na mabegi yake, peke yake, katika nchi ambayo hakuna mtu wa kumwambia pole. Hiyo ndiyo starehe mnayomwonea wivu.

Mwaka jana alirudi nyumbani na mshipa wa kifundo cha mkono wa kulia umechanika kidogo. Daktari wa huko alikotoka alimfunga kitambaa kigumu chenye vyuma, akamkataza kubeba, kukamua nguo, na kukunja kifundo kwa namna yoyote mpaka apone. Na alikuwa na sababu ya kupona. Jina lake lilikuwa limepanda hadi mahali ambapo, kwa mara ya kwanza, angeingia kwenye mashindano makubwa kabisa, kuanzia hatua ya mchujo.

"Bibi," aliniambia, "mkono ukitulia mpaka mwezi ujao, naingia. Ukikataa, wanampa mwingine, na sijui kama nitafika tena."

Akatulia kama alivyoambiwa. Nilimkatia hata nyama.

Ndipo akafariki shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Nilimwambia mtoto abaki nyumbani. Akakataa. Babu huyo ndiye aliyemfungia wavu wa dagaa uliochakaa kati ya mawe mawili, ili mipira isiteremke mpaka barabarani. Alisema atakwenda kumzika. Tukiwa kivukoni niliwaambia watu wangu wote, wanangu, wakwe, wajukuu: huyu mkono wake ni mgonjwa, asipewe kazi. Wakaitikia, sawa mama, sawa bibi. Kuitikia wanajua.

Msibani mtu wa umri wangu anakaa ndani, kwenye mkeka, na mfiwa. Mjane alikuwa amenilalia mapajani, analia, siwezi kunyanyuka. Lakini dirisha lilikuwa wazi na jikoni kulikuwa pale nje, naona moshi, nasikia kila kitu. Walikuwa wanasonga ugali wa watu wengi, wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa. Nyie wa mjini mnaokula ugali wa mahindi hamjui. Mahindi yana huruma. Udaga ukishakaza unavuta mwiko kama tope linavyovuta mguu, na ule mwiko wa msiba ni mrefu kama kasia. Kuugeuza ni kukunja kifundo, hakuna namna nyingine.

Nikamsikia binti yangu mkubwa, shangazi yake, anamwita aje apokee.

"Shangazi, mkono bado."

"Mkono gani? Huo unaokupandisha ndege?" Wanawake wakacheka. "Mwiko ndiyo raketi ya kwetu. Shika, babu yako azikwe na watu walioshiba."

Mwingine akaongeza kwamba mwacheni mzungu wa Igogo, asije akachafua kucha. Wakacheka tena. Niliita kutoka ndani kwamba aachwe. Ama hawakunisikia, ama walinisikia. Na mtoto, kwa kuwa ni msiba, na kwa kuwa asiyepika msibani husemwa kwamba ameshawakana ndugu zake, alivua kile kitambaa cha daktari kisiingie unga, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akashika mwiko.

Sasa nisikilizeni. Hatua chache kutoka pale jikoni, chini ya turubai, walikuwa wamekaa wanangu wa kiume na wana wao wanapiga karata. Mmoja wa wajukuu hao anabeba mashine ya mtumbwi begani kutoka mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, mpaka kwangu juu kupitia mawe yote yale, hapumziki. Mikono kama mizizi. Walimwona amevua kitambaa. Walichosema ni kuuliza, mbona chakula kinachelewa.

Mtoto alikuja mlangoni ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Bibi, kifundo kimeachia," akasema. Hakulia. Aliyekuwa analia ni mjane, na yeye hakutaka kumzidi.

Tulivuka baada ya mazishi, tukaenda naye hospitali hapa mjini. Daktari alipomaliza kutazama picha alisema mshipa umechanika wote na ni wa kushonwa. Mashindano makubwa yakapita bila yeye. Jioni ya siku ile ya hospitali alimpigia mwalimu wake simu, akaongea maneno machache ya Kiingereza, akaenda kukaa mbele ya lile jiwe lake. Mpira haukuwepo. Alikuwa analitazama tu.

Binti yangu alikuja kuniona. Alianza na shikamoo ndefu, akaishia pale nilipojua ataishia.

"Lakini mama, si ugali tu?"

"Ni ugali tu," nikamwambia. "Ndiyo maana ungesongwa na yeyote mwenye mikono mizima. Ulimchagua yeye kwa sababu ulitaka kumwona ameinama."

Akajitanda kanga yake, akaondoka.

Siku ya kumaliza msiba ndugu wote walikuja kwangu Igogo, kwa kuwa mkubwa wa ukoo sasa ni mimi. Sufuria lilishatelekwa, udaga uko tayari, na binti yangu alishaanza kuita wasichana jikoni kana kwamba hakuna lililotokea. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Chini ya turubai karata zilikuwa zinagawanywa.

Nilichukua ule mwiko mrefu, nikatoka nao mpaka katikati ya wanaume. Nikazikusanya karata, nikazitia kwenye pindo la kanga. Nikampa mwiko yule wa mashine ya mtumbwi. Alicheka, akatazama wenzake, akaniambia, bibi, mimi na mwiko wapi na wapi. Nikamwacha amalize kucheka. Kisha nikawaambia wote, kwa sauti ya kufika hadi jikoni:

"Vueni mashati. Kuanzia leo, katika nyumba hii, ugali wa wageni unasongwa na wanaume. Wewe anza, baba yako mdogo akupokee, na mwingine ampokee yeye. Nyie wanawake tokeni jikoni mkae. Na mwanamume ambaye hajashika mwiko, asinawe."