Mtihani wa Jiwe la Yakobo

Kwetu ni Wakatoliki wa Butembo, wafanyabiashara tangu babu. Nilipomwambia baba kwamba naenda Goma kusomea uchungaji katika chuo kidogo cha Waprotestanti, alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu anataka kuwa padri!" Nikamjibu, cheka tu, papa, siku moja utanisikiliza umeketi kimya. Mdomo ninao tangu utotoni, na sijaupoteza.

Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Wavulana walinitania kwamba nitahubiri vizuri mpaka nifike kwenye "wapendwa", kisha nitaanza kulia. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuhubiri katika kanisa la chuo, mwalimu ameketi nyuma na saa yake. Mahubiri yakikatika kabla hujamaliza, umeanguka, unarudia mwaka. Na mwalimu yule hakuitikia "Amina" hata siku moja, hata malaika angeshuka kuhubiri. "Amina ni ya waumini," alituambia. "Yangu ni pointi."

Wiki ya mtihani wangu vita vikasogea Sake, mji wa jirani. Watu wakamiminika barabarani, kambi za Mugunga zikafurika, na wengine wakaingia chuoni kwetu. Walilala kanisani kati ya mabenchi, na waliokosa nafasi walilala nje, juu ya mawe meusi ya volkano. Goma ukitafuta udongo laini wa kulalia, utatafuta sana. Mwalimu akasema mtihani hauhami: wakimbizi wakunje mikeka, na anayetaka kusikiliza akae asikilize.

Nilikuwa nimemchagua Yakobo. Anamkimbia ndugu yake, giza linamkuta njiani, anachukua jiwe analiweka chini ya kichwa, analala. Karatasi yangu ilikuwa na pointi tatu na Kiebrania cha kutosha kumwogopesha mtu. Lakini niliposimama mbele nikawaona akina mama wakimbizi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nikaikunja karatasi. Si kwa unyenyekevu. Nilijua naweza.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Basi nikamkimbiza Yakobo kwa Kiswahili chetu cha Kivu, nikamchosha, nikamlaza kwenye jiwe lake.

Hapo ndipo mzinga ukalia upande wa Sake. Ukafuata mwingine, karibu zaidi, madirisha yakatetemeka. Watoto wakapiga kelele. Mama mmoja aliyeketi mbele, kitenge kimemfunika mabega, akaanzisha wimbo, na wenzake wakaupokea.

Mtu wa kwetu anajua: wimbo ukiinuliwa katikati ya mahubiri, ama umewafurahisha, ama wanakuambia keti, inatosha. Wavulana wa darasa langu walitazamana wakichekea chini chini. Nikauona mwaka mzima wa kurudia, na baba akicheka Butembo. Hasira ikanipanda juu ya mama yule. Jamani, hakuona siku nyingine ya kuimba? Lakini utafanya nini? Nikaimba nao, nikipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Tuliimba mpaka watoto wakatulia.

Wimbo ulipokwisha, mwalimu alisimama. "Tunakomea hapo. Mtihani umekatika."

Mama yule akamgeukia. "Hapana, papa. Tuliimba tu watoto wasisikie mabombe. Muache amalize."

"Mama, muda umekwisha."

"Muda gani tena? Yakobo angali analala kwenye jiwe! Tutamuacha pale?"

"Eeeh!" wakaitikia akina mama, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mwalimu aliitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni, akaketi.

Nikamwamsha Yakobo. Nikamsimamisha, shingo inamuuma, nikamwonyesha kwamba usiku kucha Mungu alikuwa palepale penye mawe pamoja naye.

Amina ya kwanza ilitoka nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwalimu.