Samli ya Mama na Goti Langu

Goti langu la kulia limenilisha miaka ishirini na sita. Mimi ni fundi cherehani hapa Musoma, na cherehani yangu ni ya kukanyaga: mguu wa kulia unasukuma, wa kushoto unasindikiza tu. Kwa hiyo goti lilipoanza kuuma sikuona kama ni ugonjwa, niliona ni fitina. Nililichua, nikalifunga kitambaa, nikalitukana. Halikusikia.

Daktari wa mifupa alitazama picha yake, akasema litapasuliwa, ila si sasa. "Mama, una kilo tisini na tatu. Shuka mpaka themanini na tano ndipo tuzungumze habari ya kupasua." Kilo nane. Alizitaja kirahisi kama mtu anayekutuma nyanya sokoni. Akanikabidhi kwa nesi wa kliniki, ambaye ndiye angenipima kila mwezi, na nesi akanipa neno moja la kushika.

"Mafuta, mama. Mafuta achana nayo. Samaki chemsha, mboga chemsha. Mafuta ndiyo yamekaa hapa," akasema, akinigusa ubavuni kwa kalamu.

Nilielewa vizuri sana. Ilikuwa siku ya mwisho kuelewa jambo hili.

Wiki mbili nilichemsha. Nilichemsha sato mpaka akasahau kwamba aliwahi kuishi ziwani. Kisha akaja mteja wangu, mwalimu wa sekondari, amebeba magauni matatu. Alitaka niyabane. Nilifungua daftari langu la vipimo: kiuno chake kilikuwa inchi arobaini na nne. Nikazungusha futi, ikasoma thelathini na nane. Nikazungusha tena, maana futi haina undugu na mtu. Thelathini na nane.

"Pole, mwalimu. Uliumwa?"

"Kuumwa wapi, fundi! Nimekula mafuta."

Nilidhani ananitania. Akaketi kwenye benchi la wateja akanifundisha kama niko kidato cha kwanza. Adui, alisema, ni ugali, wali, chapati na viazi. Yeye alikuwa ameviacha vyote, anakula nyama na mafuta yake, mayai ya kukaanga, parachichi, samli. Ukila mafuta unashiba, ukishiba huchokonoi vyungu, na mwili unaanza kula akiba yake wenyewe. Nilimwuliza kama nesi anajua habari hizo. Akacheka.

Sasa nishike la nani? Nesi alikuwa na kalamu, lakini mwalimu alikuwa na inchi sita. Mimi ni fundi, naamini futi. Jioni ile nilimpigia simu mama yangu, Butiama, nikamwomba samli.

Ili mjue nilikuwa nagusa nini, mama anatengeneza samli tangu kabla sijazaliwa. Anakaa kwenye kigoda, anatikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi inajikusanya, kisha anaichemsha taratibu huku akiinusa. Mikono yake siku hizi haiwezi jembe, lakini kibuyu bado inakiweza. Na mimi, tangu nilipohamia mjini na kujifanya mtu wa mjini, nilikuwa naikataa samli yake kila akinifungia. Nilisema inanukia ng'ombe. Naona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini niliisema.

"Samli?" aliuliza. "Wewe ndiye unaomba samli?"

"Ni ya goti, mama. Nataka kupungua."

Kwa mama, kupungua ni kitu kinachompata mgonjwa au mtu mwenye deni. Lakini neno samli lilikuwa limeshamwingia moyoni, hakutaka kuharibu bahati yake kwa maswali.

Jumamosi iliyofuata konda wa basi alinishushia chupa moja ya samli, imefungwa kwa kanga kuukuu, na pamoja nayo mfuko wa unga wa mtama uliochanganywa na muhogo. Nikampigia mama kumshukuru, nikamweleza kwa upole kwamba unga asitume, kwa kuwa mtu akila mafuta anaacha ugali.

"Sasa hiyo samli utaiwekaga wapi?"

"Nitakula na mboga."

"Sikiliza, mwanangu. Samli tunampakaga mtoto mchanga, ama tunaimwagiaga kwenye ugali. Wewe ni mtoto mchanga?"

Nina miaka arobaini na tisa. Kwetu ugali unatobolewa shimo katikati, samli inamiminwa humo na aliyeipika, na mgeni hasemi imetosha, mpishi ndiye anayesema. Huwezi kuchukua samli ya mama ukauacha unga wake, ni sawa na kupokea salamu bila kuitikia. Basi nikafanya ambalo naamini tumbo la mtu wa Mara tu ndilo lingelifanya. Kwenye mafuta nilimfuata mwalimu, kwenye ugali nikamfuata mama. Nilikula vyote viwili, kwa nidhamu kubwa, asubuhi na jioni, nikijihesabu kuwa niko kwenye matibabu.

Na nilijisikia vizuri! Nilishiba, nililala, ngozi ikang'aa. Mwezi wa sita nikaenda Bunda kumsalimia mdogo wangu wa kiume, anayekaa Kabasa na kulima pamba nje kidogo ya mji. Nilimkuta ghalani, ni msimu wa kuuza, mizani ya saa imening'inia kwenye boriti. Nikamwambia habari ya kilo zangu. Vijana wa kupakia wakasema mama apimwe hapa hapa. Walinikalisha kwenye shuka la kubebea pamba, wakafunga pembe zake nne kwenye ndoano, nikaning'inia pale na viatu vyangu mkononi kama mbuzi wa harusi. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye themanini na tisa.

Nilipiga vigelegele mwenyewe nikiwa bado hewani. Kilo nne! Mdogo wangu alicheka, akanipigia makofi, akaninunulia soda, nikaikataa kwa madaha ya mtu anayepungua.

Wiki moja baadaye nesi aliniweka kwenye mizani yake. Tisini na sita.

"Mbovu hiyo," nikamwambia.

Akapanda yeye, akashuka. "Si mbovu, mama. Unakula nini?"

Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu. Nikasikia anabana kicheko. "Dada, ile mizani ya ghalani? Hata magunia yetu yanapunguaga pale. Si kila mwaka tunalalamikaga? Inakula kilo, ile."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, dada."

Sikuongea naye siku tatu. Nilikuwa nimelisikia lalamiko hilo maisha yangu yote, nyumbani tumeliimba, baba alifariki akiinung'unikia mizani ya pamba. Na bado niliketi juu yake nikashangilia.

Baada ya hapo niliamua kufuata njia moja. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana magoti mazima. Niliacha ugali kabisa, nikala samli na samaki na mboga kama mwalimu alivyosema. Mwezi huo nilipungua kilo tatu, nikamwangalia nesi kwa jicho la ushindi. Yeye hakubishana. Aliuliza tu, "Umepungua kwa sababu umeongeza mafuta, au kwa sababu ugali umeondoka na sasa unakula kidogo?" Mwezi uliofuata sikupungua hata robo, wakati mafuta ni yale yale. Na katikati ya mwezi huo yule mwalimu alikuja na yale magauni matatu, akayaweka mezani bila kunitazama.

"Fumua kidogo, fundi. Kiunoni."

Nilipima: arobaini na moja. Sikumwuliza kitu. Alikuwa na uso kama wangu siku ile kwenye mizani ya nesi.

Nikarudi kwenye kuchemsha. Nikapungua kilo moja, ikarudi nusu. Nesi akasema mafuta si sumu, ila kijiko kimoja kina nguvu kuliko kinavyoonekana, na hata bila mafuta mtu anaweza kunenepa kwa ugali, cha kuangalia ni jumla ya sahani. Mbona siku ya kwanza hakusema jumla ya sahani? Siku ya kwanza alisema mafuta! Nilikasirika, nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Goti likaendelea kuuma, na mimi nikaanza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mishono ikawa inapinda na wateja wanaona.

Katika mkorogo huo wote kuna kitu kimoja ambacho sikukifanya. Sikumwambia mama kwamba nimeacha samli. Ningemwambiaje? Miezi mingi alikuwa ananipigia kila Jumamosi kuuliza, "Imefika?" Nikasema imefika. "Imeisha ile ya juzi?" Nikasema imeisha. Chupa nikazipanga chini ya meza ya kukatia, nyuma ya mabaki ya vitambaa, moja, mbili, zikafika tano. Nilijiambia nikishaelewa kama samli inanenepesha au inapunguza ndipo nitamwambia. Nikawa nasubiri kuelewa.

Karibu na sikukuu ya mavuno kanisani kwao nilimshonea gauni jipya, la kitenge cha kahawia. Sikuhitaji kumpima. Vipimo vyake viko ukurasa wa kwanza wa daftari na havijabadilika miaka kumi. Nikapanda basi mpaka Butiama, gauni mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Linapona," nikadanganya, huku nikichechemea mbele yake.

Akalivaa gauni chumbani, akatoka. Lilimpwaya. Mabega yalianguka pembeni, na kiunoni ungeweza kuingiza mtu wa pili. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba nimeharibu, kwamba ule mguu wa kushoto umenipotosha mpaka kwenye mkasi. Nikatoa futi shingoni nikapima gauni. Gauni lilikuwa sahihi. Ndipo nikampima mama. Inchi nne zilikuwa zimeondoka kiunoni, na nilipomzungushia futi kifuani niliigusa mifupa yake mgongoni, mmoja mmoja.

"Mama, umekonda."

"Uzee."

"Mwaka jana ulikuwa mzee vile vile. Unaumwa?"

"Siumwi." Akajitazama kwenye kitenge, akakipapasa. "Ng'ombe anayekamuliwa sasa ni mmoja tu. Maziwa ni yale ya kibuyu. Nikinywa sitapata siagi ya kukutumia."

"Na wewe unakulia nini ugali?"

"Mboga zipo."

"Za mafuta gani?"

Nikaingia jikoni. Mlenda ulikuwa kwenye chungu, umechemshwa kwa maji na magadi. Hapakuwa na samli wala chupa ya mafuta. Mboga ile ilikuwa kama nesi alivyoniagiza mimi.

Nilikaa kwenye kigoda chake kwa sababu goti halikunibeba. Miezi yote hiyo nilikuwa naulizana na dunia nzima kama mafuta yananenepesha, na jibu moja la hakika lilikuwa linatembea ndani ya nyumba hii, na sikuja kulitazama. Nililia. Mama alisimama mlangoni na gauni lake linalopwaya, akadhani nalilia goti.

"Wewe ndiye mgonjwa," alisema. "Mimi nilikulaga samli yangu ya kutosha zamani."

Nilibana gauni pale pale kwa mkono. Kitambaa cha ziada sikukikata, nilikiacha chote ndani, inchi nne, nikashikiza kwa mshono mrefu unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Fundi yeyote akiufungua ataona nilikuwa natarajia nini.

Jumamosi iliyofuata konda hakuniletea chupa. Nilirudi Butiama mwenyewe, na kikapu. Mama alikuwa amesonga ugali. Nikazitoa zile chupa tano nikaziweka mezani, moja baada ya nyingine, nikiwa nimeandaa maneno mengi kuhusu nesi, mwalimu, na jumla ya sahani. Akachukua ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua ya pili. Kila moja alifungua kizibo, akanusa, akafunga.

"Zimejaa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Zote."

Nilisema nisamehe. Nikasema nilichanganyikiwa, sikujua ipi ni dawa, mpaka sasa sijui. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sidhani kama alielewa hata nusu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa. Kisha akatoboa shimo kwenye ugali, akamimina samli. Alilitoboa upande wangu.

Nikaigeuza sahani, shimo likamwelekea yeye. Akanitazama, akaigeuza tena. Nikaigeuza. Tuliigeuza sahani ile mpaka ugali ukapoa na samli ikaanza kuganda, kisha mama akachukua tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni mwake, akatafuna polepole huku ameshikilia ukingo wa sahani ili nisiiguse.